Mabao 26 ya Mmachinga: Historia ya Ubishi wa Wafungaji wa Ligi Kuu

Kila msimu wa Ligi Kuu unapofungwa, swali lilelile hurudi vijiweni Magoma, mkoani Tanga: nani mfungaji mkubwa kuliko wote aliyepata kucheza nchi hii? Mzee aliyekula chumvi atamtaja Abdallah Kibadeni na hataki mjadala. Aliyekuwa kijana miaka ya tisini atasema Mohamed Hussein "Mmachinga", kisha atanyamaza, kwa kuwa namba aliyonayo inatosha: mabao 26. Vijana wa leo watamwaga majina ya Meddie Kagere, Fiston Mayele na Stephane Aziz Ki, na kwenye simu zao wana picha za kila bao. Pembeni yuko shabiki wa Coastal Union anayelalamika kwamba orodha zote hizo ni za Kariakoo, yaani za Simba na Yanga, kana kwamba Tanga hakujawahi kuchezwa mpira.

Kila mmoja wao ana ushahidi. Tatizo ni kipimo. Watu wa bonde la Lwengera wanaouza mahindi wanalijua jambo hili vizuri: gunia lililofungwa sawasawa na gunia la lumbesa yote huitwa gunia moja, lakini anayeuza kwa hesabu ya magunia tu ataibiwa mchana kweupe. Mabao nayo yamehesabiwa hivyo kwa karibu miaka sitini. Kuna mabao ya ligi ya raundi 26, mabao ya ligi ya raundi 30 na mabao ya ligi ya raundi 38, na yote yamewekwa kwenye orodha moja, aliye juu akiitwa mfalme. Ili kujua nani ni nani, inabidi turudi mwanzo.

Enzi ya mechi, si ya hesabu

Ligi ya Taifa ilianza mwaka 1965. Sunderland, klabu ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba, ilitwaa ubingwa wa kwanza, ikautetea mwaka 1966. Cosmopolitan ikauchukua mwaka 1967. Kisha Yanga wakashika hatamu, wakawa mabingwa mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972.

Katika miaka hiyo sifa ya mfungaji haikujengwa kwa jumla ya msimu. Ilijengwa kwa siku moja. Mtu alikumbukwa kwa alichofanya mbele ya umati fulani, dhidi ya timu fulani, na habari hiyo ilisafiri kwa redio na kwa mdomo. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga waliifunga Sunderland mabao 5-0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara akafunga jingine. Ukimuuliza shabiki mkongwe wa Yanga Dilunga alifunga mabao mangapi mwaka ule, atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Kwake yeye, mawili yale yalitosha.

Jibu la Simba lilichukua miaka tisa. Tarehe 19 Julai 1977 waliichapa Yanga 6-0, na Kibadeni peke yake alifunga matatu: dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili, dakika ya 60 na ya 73. Jingine, la dakika ya 20, Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyefunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa watani wa jadi. Wamepita washambuliaji wa kila aina, wa nyumbani na wa kuja. Simba waliifunga Yanga 5-0 tarehe 6 Mei 2012, na Yanga wakaifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023. Katika ushindi wote huo mkubwa, hakuna mtu aliyefikisha matatu.

Hapo ndipo mzee wa kijiweni anapojifunga kibwebwe, na ana haki. Lakini mwanahistoria ana swali moja la kumuuliza: Yanga ya 1977 ilikuwa Yanga ipi? Mgogoro uliokuwa umeipasua klabu hiyo ulizaa klabu ya Pan African mwaka 1976, na sehemu ya nyota wa Yanga ya Jangwani wakaenda huko. Sunday Manara, aliyeitwa "Kompyuta" kwa jinsi alivyoupanga mpira, akaishia Uholanzi kwenye klabu ya Heracles. Yanga waliosimama mbele ya Kibadeni siku ile walikuwa nyumba iliyogawanywa. Hilo halimpunguzii Kibadeni hata bao moja. Alipiga mpira uliokuwepo, langoni mwa timu iliyokuwepo. Linatukumbusha tu kwamba nyuma ya kila namba kuna mpinzani, na mpinzani huyo ana historia yake.

Tanga yaingia kwenye daftari

Miaka ya themanini ilionyesha kwamba ubingwa unaweza kutoka nje ya Dar es Salaam. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja ikatwaa ubingwa mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, zamu ikawa ya Tanga: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wakawa mabingwa wa Tanzania Bara. Kwa mashabiki wa Korogwe, Handeni, Muheza na Lushoto, huo ndio mwaka mkubwa katika mpira wa mkoa. Juma Mgunda, aliyekuwa mshambuliaji wa Coastal enzi hizo, baadaye aliifundisha timu hiyohiyo na mwaka 2022 akakabidhiwa kwa muda benchi la Simba.

Waulize mashabiki hao mabao ya mtu mmoja mmoja wa kikosi cha 1988, utapewa majina na masimulizi, hutapewa jedwali. Runinga ilikuwa bado kuanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Vituo vya kwanza vilikuja mwaka 1994. Mpira uliwafikia watu wa vijijini kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, na sauti ikishapita imepita. Gazeti la kesho yake liliandika matokeo na wafungaji, likaenda kufungia vitumbua.

Ndiyo maana enzi ile inadhulumiwa kila hesabu ya wafungaji inapopigwa. Zamoyoni Mogella, "Golden Boy", aliyetikisa nyavu akiwa na Simba na timu ya taifa, anatajwa kwa heshima lakini bila tarakimu. Thuwein Ally alifunga mabao mawili katika Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, moja dhidi ya Misri na jingine dhidi ya Ivory Coast, katika kundi lililokuwa pia na wenyeji Nigeria. Taifa Stars ilisubiri hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Kwa kipimo cha jukwaa, mabao mawili yale ni mazito kuliko mengi yaliyofungwa ligini. Orodha ya wafungaji bora wa ligi haina mahali pa kuyaweka.

Mwaka wa Mmachinga

Kisha akaja Mohamed Hussein. Mwaka 1999, akiwa na Yanga, alifunga mabao 26 katika ligi. Tangu hapo namba hiyo imekuwa mlima. Kila mshambuliaji anayefika mabao 15 kabla ya msimu kwisha huanza kuulizwa na waandishi kama ataifikia rekodi ya Mmachinga, na kila mmoja ameishia njiani. Wamebadilika wadhamini, limebadilika jina la shirikisho kutoka FAT kuwa TFF, umebadilika mfumo wa mashindano, zimeingia kamera na fedha. Ishirini na sita imebaki palepale.

La kushangaza zaidi ni kwamba ubingwa wa mwaka huo haukwenda Jangwani. Ulikwenda Turiani, kwa Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ambayo iliutwaa tena mwaka 2000. Mfungaji mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za ligi alifunga mabao yale huku timu nyingine ikibeba kombe. Wenye kudai kwamba mabao mengi ni matunda ya kuchezea timu bora peke yake wana kazi ya kulieleza hilo.

Mmachinga hakucheza kwenye zulia. Viwanja vingi vya mikoani vilikuwa vya nyasi chache na vumbi jingi, safari zilikuwa za basi, na beki aliyekukata mguu hakuwa na kamera ya kumshitaki. Mambo hayo hayaingii kwenye 26, lakini yapo ndani yake.

Orodha ya kisasa na raundi zake

Kuanzia msimu wa 2011/12 tunaweza kukanyaga ardhi ngumu, kwa sababu tunajua bila shaka ligi ilikuwa na timu ngapi na raundi ngapi. Msimu huo timu zilikuwa 14, yaani raundi 26. John Bocco wa Azam alifunga mabao 19, Azam ikamaliza ya pili nyuma ya Simba. Msimu uliofuata, 2012/13, Kipre Tchetche wa Azam, raia wa Ivory Coast, alifunga 17. Msimu wa 2013/14 Amissi Tambwe kutoka Burundi akaja na Simba, akafunga 19. Msimu wa 2014/15 Simon Msuva wa Yanga alifunga 17. Yote hayo yalikuwa katika raundi 26.

Mwaka 2015 ligi ikapanuliwa hadi timu 16 na raundi 30. Tambwe, ambaye sasa alikuwa amevuka barabara kutoka Simba ya Msimbazi kwenda Yanga ya Jangwani, alifunga 21 msimu wa 2015/16. Mwaka uliofuata kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora kilishuka bei: Msuva na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting walilingana kwa mabao 14. Msimu wa 2017/18 Emmanuel Okwi, Mganda wa Simba, aliinua tena hadi 20.

Halafu ligi ikanenepa. Msimu wa 2018/19 zilicheza timu 20, raundi 38. Kagere, Mnyarwanda aliyetoka Gor Mahia ya Kenya kujiunga na Simba, alifunga 23, na msimu wa 2019/20, uliokatizwa na korona kisha ukamaliziwa, akafunga 22. Hao ndio wawili waliotikisa zaidi kiti cha Mmachinga kwa tarakimu tupu, na wote ni mtu mmoja. Timu zikapunguzwa hadi 18 msimu wa 2020/21, Bocco akatwaa kiatu chake cha pili, safari hii akiwa Simba, kwa mabao 16. Tangu 2021/22 ligi imerudi kwenye timu 16: George Mpole wa Geita Gold alifunga 17, kisha Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wakalingana kwa 17 msimu wa 2022/23. Aziz Ki alifunga 21 msimu wa 2023/24, akimpita Feisal Salum wa Azam aliyefunga 19. Msimu wa 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Simba alifunga 16.

Ukizipanga namba hizo kwa ukubwa, Kagere yuko juu mara mbili. Sasa zigawanye kwa raundi, halafu uone jinsi orodha inavyopinduka.

Mabao 23 ya Kagere katika raundi 38 ni wastani wa bao 0.61 kwa raundi, na 22 yake ni 0.58. Mabao 20 ya Okwi katika raundi 30 ni 0.67. Mabao 21 ya Tambwe mwaka 2016 na 21 ya Aziz Ki mwaka 2024 ni 0.70. Na juu kabisa wanakaa wawili: Bocco wa 2012 na Tambwe wa 2014, mabao 19 katika raundi 26, wastani wa 0.73. Kwa kasi hiyo, katika ligi ya raundi 38 kila mmoja wao angekaribia mabao 28, na leo tusingekuwa na ubishi wa Mmachinga. Kwa upande wa pili, kasi ya Kagere ya 2019 ikiwekwa kwenye raundi 30 inatoa mabao 18 tu, chini ya Feisal aliyeshika nafasi ya pili.

Msomaji makini atasema hesabu hiyo nayo ina tundu, na ni kweli. Raundi 38 zinachosha, majeraha yanaongezeka, na Simba ya Kagere ilikuwa ikicheza pia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu huohuo. Tena, ligi ya timu 20 ilikuwa na timu dhaifu zaidi za kufungwa, jambo linalompunguzia. Lakini pengo lake na wa pili lilikuwa kubwa, jambo linalomwongezea. Aliyemfuata alikuwa Salim Aiyee wa Mwadui, mwenye mabao 18. Fikiria: Mwadui, timu iliyokuwa ikipigania kubaki kwenye ligi, ilitoa mtu wa mabao 18 bila mawinga wa kumpikia. Nani alifanya kazi ngumu zaidi msimu ule? Ni swali la haki, na jedwali la kiatu cha dhahabu halilijibu.

Hoja hiyohiyo inamwinua Tambwe wa 2014. Simba yake ilimaliza ya nne, nyuma ya Azam, Yanga na Mbeya City. Inamwinua pia Mpole, aliyetwaa kiatu na timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo, akiwapita washambuliaji wa Kariakoo wenye mishahara ya kutisha.

Majirani na walimwengu

Ubishi huu si wetu peke yetu. Kenya nao walikuwa na 26 yao. Maurice Ochieng "Sonyi" aliifungia Gor Mahia idadi hiyo mwaka 1976, na kwa miaka 47 haikuguswa. Msimu wa 2022/23 Benson Omala wa Gor Mahia alifika 26, na Elvis Rupia wa Kenya Police akaipita kwa bao moja, akamaliza na 27 katika ligi ya timu 18. Rupia huyo baadaye alivuka mpaka kuja Ligi Kuu yetu. Kwa hiyo rekodi za aina hii zinavunjika, zinahitaji subira.

Uingereza, Andy Cole alifunga mabao 34 msimu wa 1993/94 na Alan Shearer akafunga 34 msimu uliofuata, ligi ikiwa ya raundi 42. Timu zikapunguzwa, raundi zikawa 38, na watu wakasema namba hiyo haitafikiwa tena. Mwaka 2023 Erling Haaland alimaliza na 36. Hapo hakuna cha kubishana, maana aliwapita kwa raundi pungufu.

Lakini walioufikisha ubishi huu mbali zaidi ni Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli, ambao hesabu ndiyo roho yake. Mwaka 1927 Babe Ruth aliupiga mpira nje ya uwanja mara 60 katika msimu wa mechi 154. Mwaka 1961 Roger Maris alifikisha 61, lakini msimu ulikuwa umeongezwa hadi mechi 162. Mkuu wa mchezo huo wakati ule, Ford Frick, alitaka rekodi mbili ziandikwe mbalimbali, na Maris akaishi akinung'unikiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeongeza mechi. Ni kisa cha Kagere na raundi 38, miaka karibu sitini kabla yake.

Kuna fumbo jingine la besiboli linalotufaa. Ted Williams, mwaka 1941, aliupiga mpira salama kwa kiwango cha mara 406 katika kila majaribio 1,000. Tangu hapo hakuna aliyefikisha 400 kwa msimu mzima kwenye ligi kuu mbili za huko. Wazee wakahitimisha kwamba vijana hawajui kupiga. Mwanabiolojia Stephen Jay Gould akaja na maelezo ya kinyume: wastani wa wapigaji wote umebaki karibu palepale; kilichopungua ni tofauti kati ya bora na dhaifu, kwa sababu kiwango cha wote, wapigaji na warushaji, kimepanda. Mchezo unapokomaa, mtu mmoja hapati tena nafasi ya kuwaacha wenzake mbali.

Hoja hiyo ikiletwa Ligi Kuu ina maana. Leo makipa na mabeki wanafundishwa kitaalamu, wapinzani wanaangalia video za kila mshambuliaji kabla ya mechi, na kikomo cha wachezaji wa kigeni kilipanda hadi 12 kwa klabu. Katika misimu 13 kuanzia 2012/13 hadi 2024/25, misimu tisa imekuwa na mgeni aliyetwaa au kugawana kiatu cha dhahabu. Kwa hiyo kudumu kwa 26 kunaweza kuwa ushahidi wa ukubwa wa Mmachinga, na wakati huohuo kuwa ushahidi kwamba ligi yenyewe imekuwa ngumu. Mambo hayo mawili hayagombani.

Waliokosa nafasi kwenye orodha

Orodha ya wafungaji bora ina kasoro moja kubwa kuliko suala la raundi: inahesabu ligi moja tu. Mbwana Samatta, ambaye kwa mafanikio ya nje hakuna Mtanzania aliyemkaribia, hayumo kabisa. Aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 akiwa miongoni mwa vinara wa mabao kwa mabao saba, na akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akiwa Genk alifunga mabao 23 ya ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 na kutwaa ubingwa. Ni msimu uleule na idadi ileile na ya Kagere hapa nyumbani. Baada ya hapo alifunga Anfield katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Machi 2020 akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa dhidi ya Manchester City. Anayepanga wafungaji wa Tanzania bila kumweka Samatta juu anapima daftari, hapimi mpira.

Hata Tanga ina mtu wake katika kundi hili. Tarehe 2 Julai 2022, katika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Abdul Suleiman "Sopu" wa Coastal Union aliifunga Yanga mabao matatu. Mchezo uliisha 3-3, Yanga wakashinda kwa penalti. Mabao matatu katika fainali, dhidi ya bingwa wa nchi! Kwenye orodha ya kiatu cha dhahabu hayana hata alama moja. Wana Coastal wa Magoma hadi Pangani wanayahesabu wenyewe.

Hukumu

Baada ya hesabu zote, kila mmoja anapewa haki yake. Kwa bao la siku kubwa, Kibadeni hana mpinzani, na miaka karibu hamsini ni ushahidi tosha. Kwa jumla ya msimu mmoja, rekodi ni ya Mmachinga hadi atokee wa kuipita. Kwa kudumu, ni Bocco: viatu viwili vilivyopishana miaka tisa, kwa klabu mbili, na zaidi ya mabao 100 ya Ligi Kuu. Kwa ufungaji wa kisasa unaopimwa kwa raundi, nampa Tambwe, kwa kuwa ndiye pekee aliyefika wastani wa 0.70 au zaidi mara mbili, mara moja Simba na mara moja Yanga, na mara ya kwanza timu yake haikuwa hata katika tatu bora. Kagere, mwenye tarakimu kubwa kuliko wote tangu 2011, anabaki mshambuliaji hatari ambaye ligi ndefu ilimnenepesha kidogo. Na juu ya wote, kwa uzito wa majukwaa, yuko Samatta.

Tangu 2013 Azam TV inarusha ligi, na mkataba wake wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umehakikisha kwamba mabao ya kizazi hiki hayatapotea kama yale ya 1988. Lakini kamera haziji kwenye ndondo za Magoma, wala kwenye michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, wala kwenye ligi ya wilaya ya Korogwe au Handeni. Huko bado tunahesabu kwa mdomo. Kocha, mwalimu wa michezo, katibu wa timu ya kijiji: nunua daftari. Andika tarehe, uwanja, mpinzani, jina la mfungaji, dakika, na kama lilikuwa la penalti. Andika pia mechi ambazo hakufunga, kwa maana bila hizo wastani hauwezi kupatikana. Mshambuliaji wa Tanga atakayeivunja 26 huenda sasa hivi anacheza peku, na atastahili kuwa na kumbukumbu iliyoandikwa tangu bao lake la kwanza.